Vibaba Ishirini Mgongoni

Siku ya kumpeleka Caiyun kwa mumewe, jua la mwezi wa sita liliwaka hadi punda akawa anatafuta kivuli cha masikio yake mwenyewe. Bibi harusi aliketi juu ya mkokoteni amefunikwa shela nyekundu, amevaa suruali ya pamba, koti la pamba, na juu yake koti jingine la pamba. Yote yalikuwa mekundu, yamejaa mpaka mikono yake ilikaa mbali na ubavu kama ya mtu anayetaka ugomvi.

Hakuna aliyeshangaa. Kaskazini huku ndiyo desturi. Mwari anayetolewa kwao sharti avae nguo nene, iwe theluji au iwe joto la kukaanga mayai juu ya jiwe, ili maisha yake nayo yawe manene. Atakayekwenda na nguo nyembamba atakula vyembamba mpaka kaburini. Kwa hiyo wanawake wa kijiji walimtazama Caiyun akilowa jasho, wakasema amependeza.

Wasilolijua ni kwamba ndani ya nguo zile hamkuwa na pamba. Mlikuwa na mchele.

Vibaba ishirini vya mchele mweupe, uliotwangwa na kupepetwa, umeshonwa katika vijifuko vidogo vidogo, mstari kwa mstari, kuanzia mabegani mpaka vifundoni. Baba yake, Luan Shan, ndiye aliyeshona. Mkewe angekuwa hai angeshona vizuri zaidi, lakini mkewe hakuwa hai, na ndiyo sababu ya mchele wenyewe.

Ule ulikuwa mwaka wa kumi na tatu tangu Wajapani watutengenezee nchi. Nchi ilikuwa na kila kitu: bendera ya rangi tano, wimbo, mawaziri, na mfalme wetu sisi wenyewe huko Xinjing, mji mkuu, aliyewekwa kitini kama sanamu ya keki ya harusi, akitia sahihi alicholetewa. Kila waziri wetu alikuwa na naibu wa Kijapani, na naibu ndiye aliyesema. Ilikosa kitu kimoja tu nchi ile, nacho ni wenyewe. Mashamba ya Luan yalipimwa kwa kamba, wakapewa walowezi waliotoka ng'ambo, na Luan akaajiriwa kulima mpunga katika shamba alimozikwa babu yake. Kulima aliruhusiwa. Kula, hapana. Mchele ulikuwa wa Mjapani. Sisi tulipewa mtama na unga wa mbegu za mwaloni, mchungu kama laana, na Mchina aliyekutwa na mchele aliitwa mhalifu wa uchumi. Alipelekwa kwenye migodi ya makaa. Tulisikia habari ya mtu aliyetapika ndani ya treni, na polisi wakaona wali katika matapishi yake, wakamshusha kituo kilichofuata. Hakuonekana tena.

Majira ya baridi matatu yaliyopita, mke wa Luan alishikwa na kifua. Mtama ulikuwa ukirudi kila alipoumeza. Akasema, "Baba Caiyun, ningepata uji wa mchele, kijiko tu." Luan akapata kibaba kimoja kwa njia anazozijua yeye, akabandika sufuria. Mvuke haujapanda sawasawa mlango ukagongwa. Alikuwa koplo Diao, Mchina mwenzetu aliyekulia kando ya mto wetu huohuo, aliyevaa gwanda jeusi la polisi. Tulikuwa tukiwaita mbwa weusi, kwa sauti ya chini. Diao akabeba sufuria, akaimwaga juu ya theluji, akatia mfukoni mchele uliobaki. Akasema, "Nimekusaidia, mzee. Jina lako sikuliandika."

Siku ya nne mama Caiyun akafa.

Tangu hapo Luan aliapa kwamba binti yake hataingia nyumba ya mtu bila mchele wa kumlinda siku ya kuugua na siku ya kuzaa. Misimu miwili ya mavuno alitoka shambani na punje ndani ya viatu, ndani ya kofia, kwenye mshono wa suruali. Alikuwa akimwibia mwizi, tena katika shamba lake. Usingizi haukumpotea hata siku moja.

Harusi zetu huwa baada ya mavuno, lakini bwana harusi, Baotian, alikuwa ameandikiwa kazi ya lazima kuanzia majira ya majani kupukutika, na aliyekwenda kazi ile hakuwa na ahadi ya kurudi. Ikabidi waharakishe. Kwa desturi baba hamsindikizi binti. Humsindikiza kaka au mjomba. Kaka hakuwepo, wajomba wawili walikuwa wamechukuliwa kujenga ngome mpakani, na mpiga zumari alichukuliwa pamoja nao, sijui akayapigie mawe zumari. Ndipo Luan akashika hatamu mwenyewe. Msindikizaji mwingine alikuwa Shangazi Miao, mshenga, mwanamke mwenye mdomo usiopata likizo.

"Caiyun, unapumua?" akauliza Miao baada ya mwendo wa nusu saa.

Bibi harusi haruhusiwi kusema njiani. Shela ikatikisika mara moja.

"Vumilia. Mimi niliolewa mwezi huuhuu, nikazimia. Mume wangu akadhani nimemwogopa sura."

"Angekuwa na akili angejua," Luan akasema.

"Akili aliitoa wapi? Angekuwa nayo angenioa mimi?"

Shela ikatikisika tena, safari hii kwa kicheko. Luan naye akajikuta anatabasamu. Moyo ulikuwa ukimdunda tangu alfajiri kama mtu anayekwenda kuolewa yeye. Kilichobaki kilikuwa kizuizi kimoja tu, pale darajani, na ng'ambo ya daraja kijiji cha kina Baotian. Alikuwa amepanga kila kitu. Saa sita mchana sajini wa Kijapani hulala baada ya kula. Polisi Wachina huona uvivu kusimama juani. Nguo nene ni desturi, kila mtu anaijua. Nani atamshika bibi harusi?

Walipofika, buti za sajini zilionekana mlangoni mwa kibanda, vidole vimeelekea juu, na mkoromo ukitoka nyuma yake. Yote yalikwenda kama alivyopanga, isipokuwa aliyekuwa zamu. Alikuwa Diao.

"Shukeni," Diao akasema.

"Afande, bibi harusi hakanyagi ardhi mpaka kwa mumewe. Unajua."

"Mimi najua. Amri haijui. Kila mtu anapita lango hili kwa miguu."

"Basi atapita kwa miguu yangu," Luan akasema, akageuza mgongo, akachutama.

Caiyun akapanda mgongoni. Luan aliinuka, na magoti yakalia kama kuni mbichi motoni. Msichana mzima, na vibaba ishirini juu yake. Akameza pumzi, akakaza uso, akapiga hatua kama mtu aliyebeba unyoya. Hatua ya kwanza. Ya pili. Shangazi Miao alimvuta punda nyuma yao huku akimwombea Diao afya, cheo na watoto wa kiume saba.

Diao alitembea pembeni, mikono nyuma.

"Mzee, binti yako amenenepa. Wilaya nzima inakula mwaloni, yeye ananenepea nini? Hewa?"

"Ni nguo tu, afande."

"Naam. Nguo." Diao akasimama mbele yao. "Pamba yote hiyo umeitoa wapi?"

Misimu miwili Luan alifikiria mchele: namna ya kuuficha, kuutwanga, kuushona, kuupitisha. Hakufikiria pamba hata mara moja. Na pamba nayo ilikuwa ya Mjapani. Ilikwenda jeshini, na raia alipewa kuponi za nguo zisizotosha kushona soksi. Watu wa kijiji chake hawakumwuliza kwa sababu walikuwa na adabu; walijua mtu na kidonda chake. Lakini ni nani katika nchi ile alikuwa na pamba ya kujaza makoti mawili na suruali? Alikuwa ameficha wizi mmoja nyuma ya wizi mwingine.

"Ni ya blanketi la marehemu," akasema. "Nimelifumua."

"Marehemu alizikwa bila blanketi?"

"Alizikwa ndani ya mkeka." Hilo halikuwa uongo, na lilimtoka kwa shida. "Wewe unajua nyumba yangu, Diao. Uliingia."

Diao alitazama pembeni kidogo. Kisha akaenda ukutani mwa kibanda, akachukua bambo. Wachuuzi wote wa njia ile walilijua bambo lile, chuma kilichochongoka, chenye mfereji tumboni. Ukikidunga gunia kinatoka na punje za kilichomo. Kilikuwa kimetoboa magunia, magodoro, hata mtoto wa mtu aliyefungwa mgongoni, Mungu amrehemu.

"Nadunga mara moja," akasema. "Ikitoka pamba nzee, piteni. Ikitoka pamba mpya, mzee unabaki."

Shangazi Miao akajitupa mbele. "Wewe Diao, una wazimu? Mwari haguswi kabla ya mumewe. Unataka mkosi wake ukufuate kitandani? Mama yako nilimshonea mimi nguo zake za harusi, ulizaliwa kwa desturi hizi hizi unazozidunga."

"Sogea, shangazi."

"Sisogei."

"Nikimwamsha huyo aliyelala utasogea."

Luan alifikiria kumkurupusha punda, alifikiria kukimbia, alifikiria kumpiga Diao kichwa cha pua. Mtu aliyebeba bibi harusi mgongoni hana silaha. Ndipo mkono mwekundu, mnene kama mto wa kulalia, ukanyooka kutoka juu ya bega lake, ukakaa mbele ya uso wa Diao. Caiyun alikuwa amejitoa mwenyewe.

Diao akasita. Kisha akadunga, taratibu, kama daktari. Akachomoa.

Mferejini mwa bambo hamkuwa na pamba, nzee wala mpya. Mlikuwa na mstari wa punje nyeupe, safi, zinazong'aa juani kama meno ya mtoto.

Mkoromo wa sajini ulisikika, kama msumeno unaokata mbao.

Diao akazimimina kiganjani. Akazitazama. Akazisogeza kwa kidole kimoja, huku na huku. Luan alingoja filimbi. Badala yake Diao alifanya jambo ambalo pengine yeye mwenyewe hakulitegemea: alipeleka kiganja mdomoni, akazitia zote, akatafuna. Mbichi. Macho yake yakafumba. Taya lake lilikwenda polepole, kama la mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau. Maana mbwa mweusi alipewa gwanda, alipewa bunduki, alipewa na mtama kidogo zaidi yetu, wali hakupewa. Sufuria alizimwaga kwenye theluji, na mchele aliotia mfukoni uliishia midomoni mwa wakubwa wake.

"Umetafuna, kaka," sauti ikasema kutoka chini ya shela.

Miao akajishika kinywa. Bibi harusi kusema njiani, jambo hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

"Funga mdomo wewe," Diao akanong'ona.

"Nifunge upi? Wenye mchele ni wako."

Diao akameza. Akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Mwamshe sajini," Caiyun akaendelea, sauti ya chini, haitetemeki hata kidogo. "Mwambie umekamata mchele. Nami nitamwomba akutazame meno. Au umekuwa Mjapani tangu asubuhi? Makaa ya mgodini hayaulizi nani alikuwa na gwanda."

Mkoromo ukakatika. Buti moja ikasogea. "Nini huko?" sajini akauliza kwa lugha yao, sauti nzito ya usingizi.

Luan alihisi moyo wa binti yake ukipiga juu ya mgongo wake, kupitia vibaba vyote vile, dufu, dufu, dufu. Kumbe naye aliogopa.

Diao akasimama wima, visigino vikagonga. Akajibu kwa lugha ileile, mdomo nusu wazi ili meno yasionekane, "Harusi, bwana. Wanapita."

Buti ikarudi mahali pake. Baadaye kidogo mbao zikaanza tena kukatwa.

Ingetosha kuondoka. Luan alikuwa ameshapiga hatua mbili. Lakini Diao alimfuata, akasema akitazama chini, "Mzee. Mke wangu amejifungua. Leo siku ya tisa. Maziwa hayatoki."

Luan akageuka mzimamzima, binti yake mgongoni. "Wangu alikufa siku ya nne," akasema. "Uliniambia umenisaidia."

"Nilitumwa."

"Najua ulitumwa. Aliyekutuma ametumwa, na aliyemtuma huyo ametumwa, mpaka tumfikie yule mfalme wa kitini anayetia sahihi, naye atasema ametumwa. Hakuna anayemwaga uji wa mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe katika nchi hii. Uji umejimwaga wenyewe."

Diao alisimama na bambo lake kama mlemavu na fimbo.

"Baba," Caiyun akasema, "niweke mkokotenini."

Luan akamweka. Caiyun akaingiza mkono wa kulia ndani ya shela, kichwa kikainama, na wakasikia uzi ukikatwa kwa meno.

"Usithubutu," Luan akasema. "Hata punje. Si kwa huyu."

"Baba, kwako nimetoka, kwa mume sijafika. Hapa katikati siamriwi na mtu."

"Ni mchele wa kuzalia, Caiyun. Wako."

"Na mwenzangu ameshazaa." Akatoa vijifuko viwili vyembamba kutoka mkono wa kushoto, akavishikilia bila kumkabidhi. "Kaka Diao, wewe utakuwa hapa siku gani na siku gani?"

"Siku za shufwa."

"Mume wangu atapita siku za shufwa. Mama mkwe wangu atapita siku za shufwa. Hutawaona."

"Sitawaona."

"Na hilo bambo, leo limevunjika."

Diao akalitazama. Kisha akaliingiza kati ya mbao mbili za daraja, akalikandamiza kwa goti. Chuma kilipinda, kikagoma, kikapinda tena, kikakatika. Vipande akavitupa mtoni. Ndipo Caiyun akaachia vijifuko. Mtu yule alichutama palepale, akafungua vitambaa alivyojizungushia miguuni, akalaza mchele juu ya mashavu ya miguu, akafunga upya harakaharaka. Alipoinuka mguu mmoja ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Miao alitaka kucheka akashindwa, akataka kutukana akashindwa pia.

"Mpe kidogokidogo," akasema mwishowe, kwa ukali. "Na ufunge dirisha, mpumbavu wewe. Mvuke una mdomo. Si unajua mwenyewe?"

Luan alipanda mbele pamoja na Miao, akampiga punda kwa hatamu, lango likafunguka, na magurudumu yakanguruma juu ya daraja. Hakugeuka nyuma. Hakumsamehe Diao, hata leo mkimwuliza hatawaambia amemsamehe. Lakini walipofika katikati ya daraja, punda, sijui alinusa nini, akatimua mbio. Mkokoteni ukaruka. Miao akashikilia nywele zake. Na Caiyun, mwari asiyetakiwa kusema wala kucheka, akaangua kicheko chini ya shela, kicheko kikubwa, cha mdomo wazi, na Luan akahisi kitu kikifumuka kifuani mwake. Akaanza naye. Walicheka watatu mpaka ng'ambo, mpaka wakulima wakasimama mashambani kuwatazama, wakisema hiyo harusi imelewa mapema.

Mlangoni kwa kina Baotian fataki hazikuwepo, baruti ilikuwa ya jeshi. Watoto walipiga masufuria. Baotian akatoka, kijana mrefu mwenye shingo ya kuku, akageuza mgongo kumpokea mkewe ili asikanyage ardhi. Caiyun akapanda. Baotian akainuka nusu, akarudi chini. Akainuka tena, uso umemwiva.

"Baba mkwe," akanong'ona, "amekula nini huyu?"

"Hajala tangu jana. Huo mzigo ndio atakaokula. Tembea, mwanaume."

Akatembea. Watu wakamshangilia kwa jinsi alivyoyumba. Mlango ukafungwa, wageni wakabaki uani na mtama wao na pombe ya kuazima, na ndani, juu ya kitanda cha udongo, Caiyun akasimama huku mama mkwe akifumua. Luan alisimama kizingitini akitazama pembeni kwa heshima. Alisikia tu. Kwanza uzi. Kisha mchele ukianguka ndani ya mtungi, shaaa, kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu, ukakoma, ukaanza tena. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Alitia mikono yote miwili mtungini mpaka kwenye viwiko, akaiacha humo.

"Nabandika sufuria," akasema.

"Harufu," Luan akasema. "Wageni wako uani."

Mama huyo akachukua konzi ya pilipili kavu, akaitupa motoni. Moshi ukapanda, ukatoka dirishani, na uani watu wote wakaanza kupiga chafya, mzee kwa kijana, Miao akiwaongoza, huku wakilaani upishi wa nyumba ile.

Bakuli la kwanza Caiyun alimletea baba yake. Shela ilikuwa bado kichwani, imerudishwa nyuma, na nguo zake sasa zilining'inia zimepwaya kama za kuazima. Luan akatikisa kichwa.

"Huo ni wako. Wa siku ya kuzaa."

"Nimebakiza wa kuzaa. Huu ni wa leo. Kula, baba. Usipokula naupeleka kwa Diao."

Luan akachukua bakuli. Alikula amesimama, bila kitoweo, wali wa moto ukimwunguza ulimi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni kwa ajili ya pilipili, na uani watu wanapiga chafya.